Ufundi wa Kuyapisha Maji

Dema likitundikwa ndani ya makumbusho huwa limepokonywa nusu ya mwili wake. Fito zipo, mdomo upo, na kibao kando yake kinamwambia mgeni kuwa huu ni mtego wa samaki wa watu wa mwambao. Maji ndiyo hayapo. Dema husukwa ili bahari ipite ndani yake, iingie upande huu itokee upande ule, na kila tundu lililomo limepimwa kwa ajili ya maji hayo. Mgeni akilikuta kavu chini ya taa huona kikapu kikubwa, akakitazama kidogo, kisha akaenda zake kwenye sahani za kichina na mapanga ya fedha.

Naomba tusimame penye kikapu hicho. Mwambao wetu, kuanzia visiwa vya Wabajuni hadi Kilwa na Mtwara, umejaa ufundi wa uvuvi usiopewa heshima yake kwa kuwa vifaa vyake ni vya kawaida mno: fito, kamba, makumbi ya nazi, gogo lililochongwa. Mwenye subira ya kuvichunguza ataona kwamba vyote vimezaliwa na maarifa mamoja. Fundi wa pwani anajua kupima kiasi cha kuiachia bahari na kiasi cha kuizuia. Kipimo hicho ndicho kinachostahili kuoneshwa katika makumbusho yoyote yanayosema yanatunza urithi wa wavuvi.

Ukongwe wa kazi hii umeandikwa. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mtu asiyejulikana jina alitunga kwa Kigiriki mwongozo wa biashara ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, unaoitwa Periplus ya Bahari ya Erithrea. Akifika upande wetu anakitaja kisiwa cha Menouthias, ambacho wanazuoni wamekibishania mpaka leo, huyu akisema ni Unguja, yule Pemba, mwingine Mafia. Juu ya kisiwa hicho mwandishi anataja mambo matatu kwa mkupuo mmoja: vyombo vilivyoshonwa, mitumbwi ya gogo moja inayotumika kuvulia samaki na kasa, na mitego ya kusuka inayofungwa kwenye milango ya maji katikati ya miamba. Mgeni huyo alishughulishwa na pembe za ndovu na magamba ya kasa, lakini jicho lake halikuweza kuuruka ufundi wa wenyeji. Karibu miaka 2000 imepita, na mtu akisimama leo pwani ya kijiji cha wavuvi maji yakiwa yamekupwa, anaweza bado kuona gogo lililochongwa na mtego uliosukwa vimelala mchangani ubavu kwa ubavu.

Dema lenyewe, ambalo wavuvi wengi wa Kenya huliita lema, huanzia porini. Mianzi au miti ya fito hukatwa ikiwa imekomaa, kwa sababu iliyo michanga hulainika na kuoza upesi. Hupasuliwa kwa kisu kuwa fito bapa, kisha kila ufito huparwa mpaka unene wake ulingane tangu shina hadi ncha. Hatua hii haina cha kumvutia mpita njia, nayo ndiyo inayoamua kila kitu. Ufito mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili haukunjiki sawa, na dema lililosukwa kwa fito za namna hiyo hupinda, tena dema lililopinda halikai vizuri chini. Fundi huupitisha ufito kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yake yakiwa kwingine, na vidole humwambia pa kupara tena.

Kisha huja kusuka. Mkeka na ukili huenda pande mbili, za kwenda na za kukatiza. Dema husukwa kwa fito zinazokwenda pande tatu, na zinapopishana huacha tundu lenye pembe sita. Hapa pana hekima ya kuitulizia macho. Wavu wa pande mbili ukivutwa pembeni tundu zake hulala, mraba ukageuka kuwa kitu kirefu chembamba, na kipimo cha fundi kikapotea. Fito zikienda pande tatu kila moja huwabana wenzake wawili, kwa hiyo tundu halitanuki wala halilali hata mkondo ukisukuma vipi. Fundi hahitaji gundi, wala msumari, wala kufunga fundo kila pembe. Ufito wa tatu ukishapita, kazi yote hukaza yenyewe. Jambo ambalo mhandisi angelieleza kwa michoro na hesabu limo katika mikono ya mzee anayesuka chini ya mwarobaini huku akizungumza na wajukuu.

Ukubwa wa tundu hupimwa kwa vidole, na kipimo hicho ndicho dhamira ya dema zima. Tundu likiwa dogo kupita kiasi, maji hupata taabu kupita. Mkondo huligonga dema kana kwamba ni ukuta, ukalibiringisha na kulipasua kwenye matumbawe. Aidha samaki wachanga hubaki ndani, na mvuvi aliyewapandisha chomboni amekula mbegu ya mwakani. Tundu likiwa kubwa, samaki aliyestahili kitoweo anatoka kama alivyoingia. Kati ya makosa haya mawili pana nafasi ndogo, na fundi huirudia nafasi hiyo mamia ya mara katika dema moja bila kuikosa.

Mdomo ndio mtihani wa mwisho. Kwa nje ni mpana, ukienda ndani unasinyaa, na ncha za fito huachwa huru zikielekea ndani. Samaki anayefuata harufu ya chambo huongozwa na kuta zake taratibu, akazipenya ncha zile laini bila kuumia. Akishafika ndani hutafuta njia kwa kufuata ukuta wa dema, akazunguka na kuzunguka, na tundu aliloingilia limesimama katikati, mbali na ukuta, mahali asipopita. Aliyebuni mdomo huu aliwatazama samaki kwa muda mrefu sana. Alijua wanavyogeuka na wanavyotafuta upenyo, akaisuka tabia yao ndani ya fito. Upande wa nyuma huwekwa kijilango kinachofungwa kwa kamba, cha kutolea samaki wakiwa wazima, hai, bila jeraha la ndoana wala mikwaruzo ya wavu.

Kulitega ni elimu nyingine. Tasi hula mwani, basi chambo chake ni mwani. Wengine huvutiwa na konokono waliopondwa au matumbo ya samaki. Mawe hufungwa kwenye kitako ili dema litulie, na hapa pia kuna kupima, kwa sababu mvuvi huyo huyo atalivuta juu kwa mikono kutoka kwenye mtumbwi unaoyumba. Maji ya pwani yetu hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa huko Unguja hukaribia mita 4. Palipokuwa na kina asubuhi huweza kuwa mwamba mkavu mchana. Maji mafu yakifika, mkondo hulegea na samaki hubadili mwendo. Kusi ikivuma, upande wa mashariki huchafuka na madema huhamishiwa penye kinga. Kaskazi ikiingia, hesabu hupangwa upya. Mvuvi hushika kalenda mbili kwa pamoja, ya mwezi na ya pepo, naye hakuisoma yoyote kati ya hizo kwenye karatasi.

Wavuvi wengi hawaachi boya juu ya dema, maana boya humwita mwizi. Huweka alama ya nchi kavu. Mnazi fulani ukikaa sawa na ncha ya jabali, na mnara wa msikiti ukikaa sawa na kilima cha nyuma yake, pale mistari miwili inapokatana ndipo dema lilipolala, mita kadhaa chini ya maji. Mvuvi hurudi kesho yake au keshokutwa, akafika papo hapo. Mnazi ule ukikatwa, kijiji kizima kimepoteza alama, na jambo hilo huzungumzwa barazani kwa uzito wake.

Kutoka kwenye dema twende kwenye chombo. Mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa, haukuwa wa kuvulia. Ulibeba boriti, nafaka na abiria, na wajenzi wake mashuhuri walikuwa watu wa visiwa vya Lamu na Wabajuni. Lakini ulitoka kwenye mikono ya watu wale wale waliokuwa wakivua. Mbao zake zilishikana kwa vijiti vilivyopigiliwa ndani na kwa kamba za nazi zilizopitishwa kwenye matundu, mshono baada ya mshono, tangu omo hadi tezi. Matundu yalizibwa kwa vigingi na nyuzi. Tanga lake la pembe nne lilikuwa mkeka, na omo yake ilijinyoosha mbele kwa umbo ambalo watu wamelifananisha na shingo ya ngamia.

Kwa nini kushona? Chuma kilijulikana pwani tangu kale, hivyo kukosa chuma si jibu la kutosha. Tazama vizuri bahari ya mtepe. Ni bahari ya miamba, mafungu ya mchanga na vijito vya mikoko, ambako chombo hupakia na kupakua kwa kukalishwa mchangani maji yanapokupwa. Chombo cha misumari kikigonga chini, nguvu yote ya pigo huishia kwenye msumari, na ubao hupasuka hapo. Chombo cha kushonwa hulegea kidogo mwili mzima, kikaligawa pigo kwenye mamia ya mishono, halafu kikarudi katika umbo lake. Gharama yake ilikuwa maji kuvuja, na mabaharia waliilipa kila siku kwa upo wa kufulia maji. Waliona heri kufua maji kuliko kuzama, wakajenga kufuatana na uamuzi huo. Kipimo kile kile cha dema kimo humu: bahari iachiwe kidogo ili isichukue chote.

Kamba hizo za nazi zilitoka wapi? Zilitoka, nyingi, kwenye mikono ya wanawake. Makumbi huzikwa katika mashimo ya pwani yanayofikiwa na maji, yakaachwa miezi kadhaa mpaka nyama yake ioze na nyuzi zibaki. Hufukuliwa, yakapondwa kwa rungu, yakaoshwa na kuanikwa, kisha nyuzi husokotwa juu ya paja au kwa viganja kuwa uzi, na uzi ukawa kamba. Kazi hii ingali hai katika vijiji vya mashariki ya Unguja, Jambiani kikiwa kimojawapo. Kamba hiyo ya usumba hupenda maji ya chumvi. Ikilowa huvimba na kukaza tundu ilimopitishwa. Makumbusho mengi ya bahari duniani yamejaa sura za manahodha. Ukitazama kwa haki, mtepe ulishikwa pamoja na nyuzi ambazo mwanamke alizifukua matopeni, na huyo ndiye wa kwanza kustahili nafasi ukutani. Wa pili naye ni mwanamke, yule anayetembea juu ya miamba wakati wa bamvua akiwa na mchokoo mkononi, anayeijua tundu ya pweza kwa vijiwe vilivyorundikwa mlangoni.

Mitepe ilitoweka baharini katika miaka ya 1930. Mtafiti James Hornell alichapisha mwaka 1941 uchunguzi wake juu ya mitepe na madau ya visiwa vya Lamu, na mifano midogo ya mitepe ikahifadhiwa katika makumbusho, pamoja na Makumbusho ya Lamu yaliyo kwenye ukingo wa bahari wa mji ule mkongwe, mji uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Mwaka 2003 mafundi walijenga mtepe mzima huko Unguja, nao ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Kazi hiyo ilikuwa na thamani kupita kifaa chenyewe. Kwa miongo saba hivi hapakuwa na mtepe majini. Mtu anayeshona ubao kwa mara ya kwanza hukutana na maswali ambayo mfano wa mezani haumuulizi: kamba ivutwe kwa nguvu gani kabla haijakata ukingo wa tundu, na mbao zikutane vipi pale omo inapopinda. Majibu hupatikana kwa mkono unaofanya kazi, na mwaka ule yalipatikana tena.

Ndugu wa mtepe waliobaki ni jahazi, mashua na dau. Huko Matondoni katika kisiwa cha Lamu, na Nungwi kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, bado mkuku hulazwa mchangani na chombo kikajengwa juu yake bila mchoro wa karatasi. Mataruma hayakunjwi kwa moto wala kwa mashine. Fundi huingia kwenye mikoko kutafuta tawi la mlilana au mkomafi ambalo limekua na pindo analolitaka, kwa maana pindo lililokua na mti hufuata nyuzi za mti, na tezo ikilichonga halivunjiki. Anapotembea msituni tayari anakiona chombo: hili litakaa karibu na shetri, lile penye mbavu za kati. Msumari huzungushiwa nyuzi za pamba zilizolowa mafuta kabla haujapigiliwa, ili ukiingia uzibe tundu yake wenyewe. Nafasi kati ya mbao hukalafatiwa kwa pamba iliyopakwa sifa, mafuta ya maini ya papa. Chini hupakwa deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Papa aliyevuliwa na chombo cha jana hulinda chombo cha leo.

Ngalawa nayo ina wasifu wake. Gogo, mara nyingi la mwembe, huchongwa kwa tezo mpaka ubavu wake ubaki mwembamba kote kwa kiasi kimoja, na hapa methali ya bandubandu huisha gogo hugeuka kuwa onyo: pigo moja la ziada na mwezi wa kazi umetoboka. Mbao mbili za pembeni, zilizofungwa kwenye miti inayokatiza mwili, ndizo zinazouruhusu mwili huo mwembamba kubeba tanga kubwa. Wataalamu wengi wanauhusisha mtindo huo na mabaharia wa Asia ya kusini mashariki, wale ambao uzao wao uko Madagaska. Viungo vyake hufungwa kwa kamba, ili mawimbi yakipiga upande mmoja mbao zitikisike bila kuvunja mwili.

Wavuvi wa leo hawaishi katika makumbusho, na haifai kuwataka waishi humo. Mtego wa waya hudumu kuliko wa mianzi. Boti ya faiba haihitaji kukalafatiwa. Atakayemlaumu mzazi mwenye watoto shuleni kwa kuchagua kilicho rahisi hajui uvuvi ulivyo. Lakini ufundi wa zamani bado una la kusema ndani ya mabadiliko hayo. Dema la mianzi likipotea chini ya bahari huoza, na mauaji yake yakaisha. Mtego wa waya uliopotea huendelea kunasa samaki wasiokuwa na mvunaji. Nchini Kenya watafiti na wavuvi wamejaribu malema yaliyoachwa upenyo mwembamba ili samaki wachanga na wale bapa wasio na soko watoke wenyewe. Sayansi hiyo imefika mlango ule ule ambao vidole vya wasukaji viliugonga zamani: mtego mzuri hutambulika pia kwa wale unaowaacha waende.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa wote wanaosimamia makumbusho ya mwambao. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba lile litakapokamilika tena, na kumbi nyingine za Lamu, Mombasa na Bagamoyo zinapopangwa upya, kibao cha dema kiandikwe kwa urefu zaidi. Kiseme nani alilisuka, kijiji gani, tundu lake vidole vingapi, samaki gani alikusudiwa, pepo gani na maji gani yalifaa kulitega. Kamba ya usumba iwe na jina la aliyeisokota. Habari hizi ni sehemu ya kifaa sawa na fito zenyewe, na kila mzee anayezikwa bila kuulizwa anaondoka na ukurasa usio na nakala.

Tena pawe na uwanja wa kazi karibu na ukumbi wa maonyesho. Fundi alipwe ujira wa haki, awe mwalimu mwenye wanafunzi wake, na mtoto wa shule apewe fito kumi na mbili asuke tundu moja tu lenye pembe sita mpaka likaze. Atashindwa mara ya kwanza, fito zitamruka usoni, naye atauliza. Swali hilo ndilo mwanzo wa uanafunzi. Majengo ya urithi yanahitaji fedha nyingi, na ni haki zitafutwe. Mzee anayejua kusuka mdomo wa dema anahitaji mkeka, kivuli, posho na vijana watatu, na hao watatu wakihitimu, pwani itakuwa na mafundi wanne.